Vyungu Kumi na Viwili vya Vathi

Vathi, Sifnos
2 Machi 1997

Mwanangu Isidoros,

Pokea salamu zangu, na nyingine umpe Linh na mjukuu wangu Beti, mwenye jina langu. Natumai barua hii itawakuta mko wazima. Mimi sijambo. Magoti ndiyo yanalalamika, lakini mwezi huu ni desturi yao.

Barua yako niliipata Alhamisi. Nimeisoma mara tatu: mara ya kwanza peke yangu, mara ya pili kwa sauti mbele ya kiti cha baba yako, na mara ya tatu kwa Anestis wa mgahawani, kwa sababu aliuona muhuri wa Australia na asingeniacha nipite. Kwa hiyo mnakuja Agosti. Siku kumi Santorini, siku tatu kwangu. Nimefurahi. Usiombe radhi kwa sababu ya zile siku tatu. Tangu mwaka 1983 sikuwa na hata moja.

Unasema Linh anauliza kuna nini cha kuona na cha kufanya huku, na kwamba nimwandikie orodha. Niliishia darasa la sita na orodha niliyoizoea ni ya dukani, lakini nitajaribu.

Cha kwanza ni maji. Mwambie Linh ghuba yetu ni kama bakuli. Mtoto anaweza kutembea mpaka achoke na maji bado yako magotini. Wewe ulijifunza kuogelea hapo mbele ya karakana, ukiwa umefungwa kamba kiunoni, na ncha ya pili baba yako aliifunga kwenye mguu wa gurudumu lake la kufinyangia ili asikatize kazi. Ukienda mbali, gurudumu lilitikisika, naye akavuta.

Cha pili, wapande kijijini Artemonas asubuhi, kabla ya jua kali, watazame juu ya mapaa. Zile kofia za udongo zilizo juu ya mabomba ya moshi, nyingi ni za baba yako. Beti azitafute. Za kwake zina alama tatu za kidole gumba chini ya ukingo. Mimi nilizihesabu mwezi uliopita, nikafika thelathini na nne, nikashindwa kuendelea. Si kwamba nilichoka. Shingo iliniuma, na machozi hayapandi mlima vizuri.

Cha tatu, Jumapili wale dengu. Mweleze Linh kwamba tunaziweka kwenye chungu cha udongo Jumamosi jioni, zinalala katika tanuri la kuni, na tunazitoa baada ya kanisa. Sufuria ya bati haifai, hata mtu akimwambia inafaa.

Kuna jambo moja halimo kwenye orodha, maana litakuwa limepita mkifika. Picha ya Mtakatifu Marina ilikuja nyumbani kwetu Julai iliyopita. Wewe unajua, lakini Linh hajui, umweleze: kila mwaka nyumba moja huichukua picha kutoka kikanisa kile cha juu ya miamba, inaiwashia taa mwaka mzima, na sikukuu ikirudi, tarehe kumi na sita Julai jioni, nyumba hiyo hiyo inalisha kila mtu atakayefika. Wanaotaka wanaandikisha majina kwa Padri, na foleni ni ya miaka mingi. Baba yako alikuja nayo siku moja kaifunga kwa koti lake, akasema, "Zamu imefika," basi. Unamjua.

Sasa yeye hayupo na mimi nimevaa nyeusi. Nyumba yenye msiba haipigi fidla. Nitamwomba Padri Stamatis ampe mwingine. Nimeliandika hili ili usije ukasikia kwa watu.

Usijilaumu kwa ajili ya mazishi. Huku mtu anafariki leo na kuzikwa kesho, na Melbourne si Artemonas. Kwenye swichi ya taa ya karakana kuna alama ya kidole chake cha udongo. Naiwasha kwa kijiti ili isifutike.

Ni mimi,
Mama yako


Footscray, Melbourne
25 Machi 1997

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, ila Beti ana mafua. Pole na magoti. Linh anasema uyafunge kwa tangawizi ya moto. Mama yake alifanya hivyo mpaka alipokufa, ingawa hakufa kwa magoti.

Asante kwa orodha. Beti ameibandika ukutani. Ana maswali. Hizo alama tatu ni za gumba la kulia au la kushoto? Na je, mbuzi wa huko wanauma? Hoteli ya Santorini ina bwawa la kuogelea juu ya jabali, na yeye anahesabu siku za bwawa. Samahani. Ni mtoto wa mjini.

Ningeweza kukupigia simu kwa Anestis, lakini nikipiga huko, kijiji kizima kinajibu.

Kuhusu picha, fanya ulivyosema. Mpe Padri. Nimeshangaa tu. Baba kuwa mwenye sikukuu? Mtu ambaye hakuwahi kumwita jirani hata kwa kahawa? Nakumbuka alivyokuwa akisema wageni wanaukausha udongo.

Mama, nitasema jambo halafu tusilirudie. Siku ile ninaondoka, wewe ulikuja gatini Kamares. Yeye hakuja. Ulinipa ujumbe wake, "Tanuri haliachwi." Nilisimama kwenye sitaha mpaka kisiwa kikawa kama jiwe. Sasa nafanya kazi katika kiwanda cha vigae, mashine zinapiga elfu nne kwa saa, na sijawahi kumwandikia hilo kwa sababu najua angeuliza, "Vigae vya nini?" nami ningejibu, "Vya vyooni." Nilikuwa nangoja cheo kizuri zaidi ndipo nimwandikie. Cheo nilikipata Desemba. Yeye alifariki Novemba.

Ndiyo hivyo. Siku tatu zitatosha, nadhani. Sijui nikizidisha nitafanya nini katika nyumba ile.

Mwanao,
Isidoros


Vathi
14 Aprili 1997

Mwanangu,

Natumai u mzima na mafua ya mtoto yamepita. Mimi mzima. Mwambie Beti ni gumba la kulia, na mbuzi hawaumi watu, wanauma nguo.

Uliniambia tusilirudie lile la gatini. Naomba unisamehe, nitalirudia mara moja, kwa sababu limenijia mlangoni bila kuitwa.

Jumanne nilipanda kwa Padri Stamatis. Siku hizi barabara imefika Vathi, kwa hiyo Anestis alinipeleka kwa gari lake la samaki na nikanuka mpaka kwenye mlango wa kanisa. Nikamwambia Padri kwamba siwezi sikukuu, aichukue picha.

Akaniambia, "Zambeta, siwezi kukupokea kitu kisicho chako."

"Cha marehemu mume wangu ni cha nani kama si changu?"

"Kaa kwanza. Unanuka dagaa, lakini kaa."

Akatoa lile daftari la foleni, la jalada la bluu, linalofungwa kwa utambi wa mshumaa. Akapekua nyuma, akaligeuza likanitazama mimi. Nilivaa miwani. Ulikuwa mwandiko wa baba yako, zile herufi zake kubwa kama anaandika kwenye gunia: *Isidoros wa Apostolis, Vathi.* Na tarehe: tarehe tisa Septemba 1983.

Ni siku yako ya meli, mwanangu.

Padri akasema, "Alikuja saa nane mchana, udongo umemkauka mpaka viwiko. Nilimuuliza, mtoto si anaondoka leo? Akasema, foleni ni ya miaka mingapi? Nikamwambia kumi na tatu, kumi na nne. Akasema, basi itatosha, atakuwa amesharudi. Akanywa maji, akashuka." Halafu Padri akaongeza, "Mwaka jana zamu ilipofika nilimwambia kijana hayupo, nimpe anayefuata? Akanifokea. Alisema amekuja kupokea kwa niaba."

Sasa nisikilize. Mwaka ule hakukuwa na barabara. Kutoka Vathi mpaka kwa Padri ni saa mbili na nusu kwa miguu, na kurudi vilevile. Na tanuri lilikuwa linawaka. Siku zote nilijiuliza kwa nini tanuri lile la Septemba liliharibika. Vyungu sitini vilipasuka, yeye ambaye hakuwahi kupoteza vitano. Alipovitoa alivimwaga baharini nyuma ya mwamba, na mimi nilidhani ni hasira juu yako. Kumbe aliliacha. Tanuri lisiloachwa aliliacha, ila hakwenda gatini. Sijui kwa nini hakwenda gatini. Nadhani gatini angelia mbele ya watu, na kwa Padri kulikuwa na kitu cha kufanya kwa mikono.

Sikuombi chochote. Una kazi, hoteli mmeshalipia, na sikukuu ni mwezi mmoja kabla ya safari yenu. Padri anasema mwenye jina asipofika jioni ya tarehe kumi na sita, zamu yake itafutwa, picha itakwenda kwa jina linalofuata, Kaliopi wa Faros, na hakuna atakayelaumiwa. Mpaka siku hiyo nitaendelea kuiwashia taa. Ni hayo tu. Nimeona ni haki yako kujua.

Pasaka njema itakapofika. Nitapaka mayai mekundu matatu ya kwenu.

Mama yako


Vathi
18 Mei 1997

Mwanangu Isidoros,

Natumai mko salama. Sijapata barua. Labda imepotea, labda bado iko njiani. Kama hukuandika kwa sababu umeudhika, pia ni sawa. Mtu akiletewa jambo la miaka kumi na nne kwa bahasha moja, lazima kalamu imwie nzito. Mayai matatu niliyaweka mpaka Alhamisi, kisha nikampa Anestis, akala mawili akasema la tatu limeharibika, nami najua anadanganya, alitaka nimbakizie Beti hata ganda.

Huku kumechangamka. Wageni wa kwanza wameshaingia, wekundu kama kamba wa kuchemsha. Mwanamke mmoja Mholanzi aliniuliza kuna nini cha kuona hapa. Nilimpeleka kuona mkapari, kile kichaka cha maua meupe kinachoota kwenye ukuta wa karakana. Alishangaa akapiga picha nne. Mwingine angeniona mwendawazimu.

Nina jambo la kukuarifu, si la kukuomba. Jana niliingia banda la nyuma kutafuta ungo wa dengu. Sikuwa nimeingia tangu msiba. Chini ya magunia kuna vyungu kumi na viwili, vikubwa, vile vya dengu vyenye mifuniko, vya kutosha kulisha watu mia tatu. Vimekauka vizuri. Havijachomwa. Lazima alivifinyanga Oktoba, wakati mimi nilidhani amelala mchana kwa sababu ya kifua. Vyote vina alama tatu.

Anestis anasema atafutwe mfinyanzi wa Platis Gialos aje avichome. Nimemwambia asubiri. Sijui ninasubiri nini. Tanuri halijawashwa tangu yeye. Buibui wamefunga mlango kwa uzi wao, nami kila asubuhi naenda kuwatazama.

Kama mnakuja Agosti tu, njooni Agosti. Nitawapikia dengu kwenye chungu cha zamani.

Mama yako


Footscray
5 Juni 1997

Mama yangu,

Shikamoo, na unisamehe. Barua zote mbili nimezipata. Ya Aprili niliisomea ndani ya gari, nje ya kiwanda, nikachelewa zamu. Kisha nikaiweka kwenye kisanduku cha gari na sikumwambia Linh kwa majuma matano.

Nilikasirika. Utaniona sina akili, lakini nilikasirika kuliko nilipodhani hakunijali. Miaka kumi na nne nimebeba kitu kizito, halafu naambiwa nilibeba gunia tupu. Angeweza kuandika mstari mmoja. Angeweza kukwambia wewe uniambie. Nilitaka kukujibu hivyo, nikachana karatasi nne.

Barua yako ya pili aliifungua Linh, kwa kuwa nilikuwa kazini na Beti alitaka kujua habari za mbuzi. Nilipofika alikuwa amekaa na kamusi, na ile ya kwanza ameshaitoa garini. Unajua ana picha ya baba yake rafuni, na kila mwaka siku aliyofariki anampikia, anamwekea bakuli na vijiti vya kulia. Mimi nilikuwa nikimtania kwamba mzee hali sana. Jana hakunitania. Aliniambia, "Kwetu mtu akifa, mwaka wa kwanza lazima umlishe. Wewe baba yako hujamlisha hata kijiko, na amekuachia mpaka vyungu." Halafu akaenda kupiga simu Santorini.

Hoteli tumeifuta. Bosi wangu alisema Julai haiwezekani, mashine mpya inakuja. Nikamwambia nitakwenda hata kama sitarudi kazini. Akanitazama akasema, "Kwani kuna nini huko?" Nikasema, "Dengu." Nadhani alinionea huruma. Amenipa wiki tatu.

Tunafika Kamares tarehe tano Julai, meli ya mchana. Mama, mtu asiliguse tanuri. Nitawasha mimi. Nimesahau mengi, itabidi unikumbushe: tunaanza na matawi ya vichaka au mbegu za zeituni? Na moto mdogo ni wa saa ngapi kabla ya mkubwa?

Na hili sijamwambia mtu. Siku ile nikiwa kwenye sitaha, nilitazama juu ya mlima, upande wa Vathi, nikauona moshi wake. Kwanza ulikuwa mweusi na mzito kama inavyotakiwa. Halafu ukapungua, ukawa mweupe, ukakatika. Mtoto wa mfinyanzi anaujua moshi wa tanuri lililoachwa. Nilijiambia ni machozi yananidanganya, kwa sababu yeye hawezi kuliacha. Basi niliuona, Mama. Niliuona na sikuuamini.

Beti anasema atasamehe bwawa endapo ataruhusiwa kupiga kengele ya kikanisa.

Mwanao,
Isidoros


Vathi
17 Juni 1997

Mwanangu,

Sijui kama barua hii itawahi kukukuta. Mimi mzima, na leo hata magoti yamenyamaza.

Matawi ya vichaka kwanza, saa nane za moto mdogo, kisha mbegu za zeituni. Alikuwa akisema udongo ni kama mgeni, usimkaribishe kwa kumsukuma. Anestis ameshakata vichaka vya mikokoteni miwili. Anasema ni kwa ajili ya marehemu, lakini kila mtu anajua anataka kukaa karibu na sufuria ya nyama.

Nilimuuliza Padri kuhusu nyeusi yangu. Alisema mlo si ngoma; watu watakula, na kuhusu fidla tuwaachie wapigaji wenyewe. Mpigaji fidla akasema ataanza na ule wimbo wa polepole aliopenda Apostolis, halafu tutaona miguu ya watu inasemaje. Nimekubali. Mimi nitakaa.

Orodha mpya kwa Linh. Mambo ya kufanya: kuchambua mawe kwenye dengu, magunia mawili. Kumenya vitunguu, ngojea utaona vingapi. Kupaka chokaa kikanisa na ngazi zake zote, kwa sababu wa Faros watakuja na macho makali. Mambo ya kuona: sahani, sahani, halafu sahani. Kengele ataipiga Beti, nimemwambia Padri, amesema mradi asiing'oe.

Buibui nimewafungulia mlango leo. Nimewaomba radhi.

Mama yako


Melini, kuelekea Pireas
26 Julai 1997

Mama,

Shikamoo kutoka sitahani. Umetoka kutupungia mkono sasa hivi, na bado nakuona, nukta nyeusi pembeni ya gati. Naandika ili nikupostie nikifika Pireas, kwa sababu pale gatini tulizungumza habari za sandwichi tu.

Kwanza, kile chungu kimoja kilichopasuka hakipo bandani, usikitafute. Nimekichukua mimi, Linh amekifunga kwa nguo zake za kuogelea. Kumi na moja vizima ni vya kikanisa, vibaki kwenye rafu kule juu kwa kila atakayekuwa mwenye sikukuu. Kilichopasuka ni changu. Nilizidisha mbegu za zeituni saa ile Anestis alipokuwa akinisimulia habari za ng'ombe wake. Baba angeniambia, "Kumi na moja kwa kumi na viwili, na wewe unajiita nani?" Nimelisikia masikioni kabisa, na nikacheka peke yangu mbele ya tanuri.

Nilifurahi walivyonitania. Ulisikia yule mzee wa Kastro? "Wee Mwaustralia, dengu hizi umezipikia kiwandani? Mbona zote saizi moja?" Na Kaliopi wa Faros, alipokuwa akipewa picha, aliniuliza kama sahani ninaziosha mimi au mashine. Nilimwonyesha mikono yangu. Akasema, "Haya, umerudi."

Sikukwambia jambo lililonitokea nilipokuwa nashuka na picha kutoka nyumbani kwenda kwenye mashua ya kuipeleka kikanisani. Niliishika kama alivyoishika yeye, imefungwa kwa koti lake, kwa kuwa wewe ndiwe uliyenipa koti hilo. Mfukoni kulikuwa na kijipande cha udongo mkavu. Kimebaki humo. Sikukitoa.

Siku tatu hazingetosha. Nilikuwa mjinga.

Beti hajaniambia alichokuwa akinong'onezana na Padri Stamatis asubuhi ya leo. Anasema ni siri ya kanisa.

Kisiwa sasa ni kama jiwe. Safari hii najua lina watu.

Mwanao,
Isidoros


Vathi
21 Agosti 1997

Mwanangu Isidoros,

Salamu nyingi kwako, kwa Linh na kwa Beti. Natumai mlifika salama na mashine mpya haikukuonea. Mimi mzima. Tarehe kumi na tano tulikuwa na sikukuu ya Mama wa Mungu, nikala samaki, nikarudi mapema. Ukutani pale ilipokuwa picha umebaki mraba mweupe. Nimetundika hapo ile picha yenu mliyopiga mbele ya kikanisa, Linh kashika ndoo ya chokaa, wewe una masizi usoni kama jambazi. Taa nimeiacha palepale. Padri akiniuliza, nitasema nimeisahau.

Sasa siri ya kanisa.

Jumapili baada ya ibada Padri Stamatis alinishika mkono pembeni, kwa sauti ya mtu anayempa mwenzake pole. Akasema, "Zambeta, najua moyo wako, lakini umefikiri vizuri? Zamu hiyo itafika mwaka 2012. Utakuwa na miaka themanini na mitatu. Nani atazibeba sufuria?"

Nikamwambia sijui anazungumza nini.

"Umejiandikisha. Nilikuwa navaa joho, mtoto akaniomba kalamu na daftari kwa niaba ya nyumba yenu, nikampa. Leo nimesoma. Zambeta, Vathi."

Nikaomba kuona. Tulifungua lile daftari la bluu, na nilicheka mpaka Padri akaomba msamaha kwa Mungu kwa ajili yangu. Jina ni langu, kweli. Lakini huo si mkono wangu. Ni herufi kubwa zilizolala upande, na baada ya jina mjukuu wangu wa tanuri, huyo mtoto wako anayeogopa mbuzi, amechovya kidole kwenye wino na kuweka alama tatu. Gumba la kulia.

Padri aliziinamia zile alama. Kisha akasema, "Kwa hiyo ni Zambeta yule mdogo."

"Ni yule mdogo," nikasema.

"Na baba yake anajua?"

"Hajui. Katika familia hii hatuambiani."

Lakini mimi nakwambia, maana nimechoka na desturi hiyo. Mtoto atakuwa na miaka ishirini na minne. Wewe utakuwa na mvi. Usijitie kazi nyingine Julai hiyo, na anza mapema kumfundisha moto, kwa sababu akija hajui kitu, Kaliopi atakuwa bado hai kwa ubishi tu, na atamsema.

Vyungu kumi na moja viko kule juu. Nilipanda na Anestis kuvifunika kwa magunia. Nilivigusa kimoja kimoja pale penye alama. Alama kwenye udongo mbichi hudumu zikichomwa, la sivyo hufutika. Sasa hizi zimepita motoni, hazitafutika tena. Nikaja nyumbani nikaiwasha taa ya karakana kwa mkono wangu, bila kijiti. Kidole chake kimebaki pale pale, kimepauka kidogo tu. Kumbe nilikuwa naogopa bure.

Mwaka 2012, kama nipo, mtaniweka kwenye kiti, nitachambua dengu na kulalamika. Kama sipo, msipunguze watu na msinyamazishe fidla. Mkimaliza kupakua, wekeni sahani mbili upande wa kivuli, moja ya baba yako na moja yangu, yangu iwe na limao. Mnikumbuke hapo.

Mama yako